Gustor ya Spituk: mwongozo kamili wa kuhudhuria sikukuu ya majira ya baridi huko Ladakh

Watu wengi wanaotoka mbali kuja kutazama Gustor ya Spituk huondoka kama saa moja kabla ya jambo lenyewe. Wamekaa uani tangu asubuhi, vinyago vimepita, simu imejaa picha. Kisha jua linajificha nyuma ya ukuta, baridi inapanda kutoka kwenye mawe, nao wanateremka kutafuta gari. Wanachokiacha nyuma ndicho kilichowakusanya watawa wa Kibudha kwa siku mbili: kukatwa kwa sanamu ya unga, kisha storma, mnara wa unga uliopambwa, kutolewa nje na kuteketezwa. Ngoma zote zinazotangulia zinaelekea hapo. Ndiyo maana mwongozo huu unapanga safari kuanzia mwisho wake. Lengo ni wewe kuwa uani alasiri ya siku ya pili, miguu ikiwa na joto, kichwa hakiumi, na huna ndege ya kuwahi.

Mahali na maana yake

Spituk ni kijiji kilicho kilomita 8 hivi kutoka mji wa Leh, katika Ladakh, kaskazini kabisa mwa India. Monasteri imejengwa juu ya kilima kinachotazama mto Indus, na chini ya kilima hicho ndipo ulipo uwanja wa ndege wa Leh. Ilianzishwa karne ya 11, na tangu karne ya 15 inafuata madhehebu ya Gelug, yale ya Dalai Lama. Uwanja wa ndege wenyewe umepewa jina la Kushok Bakula Rinpoche (1918–2003), aliyekuwa kiongozi wa monasteri hii na baadaye balozi wa India nchini Mongolia.

Gustor ni ibada ya kusafisha. Maovu yaliyojikusanya, ya mtu mmoja mmoja na ya jamii nzima, huitwa kwa sala, hufungwa ndani ya sanamu ya unga, kisha huangamizwa. Wabudha wa hapa watakueleza kwamba adui anayekatwa si binadamu. Ni ujinga, chuki na kujipenda kupita kiasi. Juu ya maana hiyo kuna kumbukumbu ya kihistoria: mfalme Langdarma wa Tibet, aliyeandamwa na sifa ya kuutesa Ubudha, aliuawa katikati ya karne ya 9, na mapokeo yanamtaja mtawa Lhalung Pelgyi Dorje kuwa ndiye aliyemfikia akiwa na vazi la mikono mipana lililoficha upinde na mshale. Wachezaji wa kofia nyeusi utakaowaona uani wanabeba kumbukumbu hiyo.

Shika hilo tangu mwanzo, maana ndilo linaloamua utakavyokaa, utakavyopiga picha na utakapoondoka. Umekaribishwa kwenye ibada iliyo wazi kwa watu wote, na wenyeji wengi wamekuja kusali.

Kupata tarehe bila kukosea

Gustor ya Spituk huangukia siku ya 28 na 29 za mwezi wa 11 wa kalenda ya Kitibeti. Kwa kalenda yetu ni Januari mara nyingi, lakini tarehe huruka: mwaka 2024 ilikuwa 9–10 Januari, mwaka 2025 ikawa 27–28 Januari. Aliyezoea kuhesabu Idi kwa mwandamo wa mwezi ataelewa haraka kwa nini mwaka wa mwezi hurudi nyuma siku 11 hivi. Tofauti ni kwamba Watibeti huongeza mwezi mzima kila baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo sikukuu haizunguki mwaka mzima. Hubaki kwenye baridi.

Kuna njia rahisi ya kuhakiki tarehe uliyopewa. Mwezi wa Kitibeti huishia siku mwezi unapokuwa haupo angani, ambayo ndiyo siku ya 30. Siku ya 29 basi iko pale pale kabla ya giza hilo. Ukitajiwa tarehe ya Gustor ambayo mwezi unakuwa nusu au mpevu, tarehe hiyo ni ya uongo au ni ya sikukuu nyingine. Fahamu pia kwamba kalenda hii huweza kuruka siku moja au kuirudia siku hiyo hiyo mara mbili, kwa hiyo usihesabu kwa vidole ukanunua tiketi. Subiri orodha ya sherehe inayotolewa na idara ya utalii ya Ladakh, kisha mwombe mwenyeji wako huko Leh aulize monasteri. Kosa la kawaida ni kunakili tarehe ya mwaka uliopita.

Makaratasi, ndege na mawasiliano

Raia wa Kenya na wa Tanzania wanaweza kuomba viza ya India kwa njia ya mtandao. Tumia tovuti rasmi ya serikali ya India peke yake, maana zipo nyingi za kuiga. Kama unatoka Kenya, Uganda au Kongo, cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni lazima, na chanjo iwe imefikisha siku 10 kabla ya kufika. Bila cheti unaweza kuwekwa karantini hadi siku 6, na hapo sikukuu imekwisha. Hata kama nchi yako haimo kwenye orodha, ukipita Nairobi au Entebbe njiani, beba cheti.

Kwa Leh na Spituk huhitaji kibali maalumu. Utajaza fomu ya wageni ukishuka. Kibali kinahitajika ukienda bonde la Nubra, ziwa Pangong na maeneo mengine ya mpakani, na hupatikana kupitia wakala wa Leh.

Wakati wa baridi kali barabara ya Manali hufungwa kabisa, na ile ya Srinagar, inayopita kipito cha milimani cha Zoji La, haiaminiki. Unaingia kwa ndege kutoka Delhi, safari ya saa moja na robo hivi. Ndege za Leh hutua asubuhi kwa sababu mchana upepo wa bonde huwa mkali. Sasa angalia linaloharibika: Januari Delhi hujaa ukungu alfajiri, na Leh ikipata theluji au mawingu mazito ndege hugeuza au haziondoki kabisa. Anayepanga kufika siku moja kabla ya sikukuu anacheza kamari. Pia usipange ndege ya kimataifa siku ile ile unayotoka Leh. Acha angalau siku moja nzima Delhi.

Uwanja wa Leh ni wa kijeshi. Usipige picha ndani yake, wala usipige njia ya kurukia ukiwa juu ya monasteri, ingawa inaonekana vizuri mno kutoka pale. Droni iache nyumbani. Simu za setilaiti haziruhusiwi India bila kibali, na watu wamekamatwa kwa kuwa nazo, hata vile vifaa vidogo vya kutuma ujumbe vinavyotumiwa na wapanda milima. Jambo jingine linalowashangaza wageni: laini ya simu ya malipo ya kabla uliyonunua Delhi haitafanya kazi Ladakh. Laini za malipo ya baada ya matumizi ndizo zinazokubali, kwa hiyo tegemea intaneti ya nyumba utakayofikia. Beba rupia taslimu za kutosha, maana mashine za benki hukauka.

Mwinuko: hapa ndipo safari huvunjika

Leh iko mita 3,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, huo ni karibu mwinuko wa kibanda cha Horombo, mita 3,720. Ila Horombo unafika siku ya pili kwa miguu, ukiwa umelala Mandara kwenye mita 2,700. Leh unafika kwa saa moja na robo ukiwa umeketi, kutoka Delhi iliyo mita 200 tu na kitu. Mwili haujapewa nafasi yoyote. Wapo wanaume wenye nguvu, wakimbiaji, walioshuka wakicheka na jioni wakawa wanatapika.

Kwa hiyo fika siku tano kabla ya siku ya 29, na uzitumie hivi.

Siku ya kwanza na ya pili, saa 48 kamili, ni za kulala, kunywa na kutembea chumbani. Usioge maji moto muda mrefu, usipande ngazi bila sababu, usinywe pombe, hata chang, ile pombe ya shayiri utakayokaribishwa. Dawa za usingizi pia hapana, kwa sababu hupunguza upumuaji usiku. Kunywa lita 3 za vimiminika kwa siku. Hewa ya hapa ni kavu na unapoteza maji kwa kupumua tu. Kishawishi kikubwa ni Spituk yenyewe: inaonekana ukitoka uwanja wa ndege, dereva atakuuliza kama upite mara moja. Kataa. Kilima kile kina ngazi nyingi.

Siku ya tatu tembea mjini Leh polepole, kwenye soko kuu na vichochoro vyake. Siku ya nne nenda Spituk, kukiwa bado na utulivu. Panda ngazi, jua ua uko wapi, choo kiko wapi, jua linapiga upande gani saa ngapi. Siku ya tano ni siku ya 28, ngoma za kwanza. Inayofuata ndiyo lengo lako.

Dawa ya kinga ni asetazolamidi, inayojulikana kwa wapandaji wetu kama Diamox. Kipimo cha kawaida cha kinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kuruka hadi siku mbili baada ya kufika. Itakufanya ukojoe mara kwa mara na vidole viwashewashe. Mwenye mzio wa dawa za salfa, mwenye ugonjwa wa figo, mjamzito, na mwenye ugonjwa wa moyo au selimundu wamwone daktari kabla ya kununua tiketi. Selimundu tunaitaja makusudi: iko kwenye damu za watu wetu wengi, na mwinuko unaweza kuiamsha.

Kuumwa kichwa kidogo, kukosa hamu ya kula na usingizi wa kukatikakatika ni jambo la kawaida usiku wa kwanza. Dalili za hatari ni nyingine: kupumua kwa shida hali umekaa, kikohozi kinachozidi au chenye povu, kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa. Mwambie mwenzako atembee mstari mnyoofu, kisigino kikigusa kidole cha mguu mwingine. Akishindwa, usingoje asubuhi. Kilimanjaro mgonjwa huteremshwa mara moja. Leh huna pa kuteremka upesi, bonde lote liko juu, na ndege ni za asubuhi tu. Mpeleke hospitali ya SNM mjini, wana oksijeni na wanaijua hali hii kuliko hospitali nyingi kubwa.

Kukaa saa sita kwenye baridi

Usiku wa Januari Leh hushuka hadi nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri, na zipo siku unapita hapo. Mchana hukaribia sifuri. Juani unaweza kufungua koti. Ukipigwa na kivuli, dakika kumi zinatosha kuufanya mwili utetemeke. Ua wa Spituk una pande zote mbili kwa wakati mmoja, na kivuli hutembea.

Baridi inayowatoa watu uani haitoki hewani, inatoka chini. Umekaa juu ya jiwe au udongo ulioganda, umetulia saa nyingi, na nyama ya makalio na nyayo hutoa joto bila kurudishiwa. Kwa hiyo kifaa cha kwanza si koti. Ni kitu cha kukalia: ngozi ya kondoo, au vipande viwili vya godoro la sponji la kupigia kambi vilivyokunjwa, na kipande cha tatu cha kuweka miguu. Wenyeji huja na mazulia mazito na mablanketi, na hawaoni haya.

Miguuni vaa buti lenye nafasi, ukubwa mmoja zaidi ya kawaida yako, na soksi mbili, nyembamba ndani na ya sufu juu. Kosa la karibu kila anayetoka ukanda wa joto ni kuvaa soksi nne ndani ya kiatu kinachobana. Damu ikizuiwa, soksi hazisaidii kitu. Mwilini: fulana na suruali za ndani za sufu au za nailoni zinazokausha jasho, sweta nene, koti la manyoya ya bata lenye kofia, na juu yake kitu cha kuzuia upepo. Pamba iliyolowa jasho la kupanda ngazi hukugandia mgongoni nusu saa baadaye. Panda taratibu, ukiwa umefungua vifungo, ufunge ukishakaa. Glavu ziwe jozi mbili, nyembamba za kushikia simu na nene za kuvaa juu. Miwani ya jua na losheni ya kuzuia jua si anasa hapa. Kwenye mwinuko huu, na theluji ikirudisha mwanga, ngozi yoyote huungua na midomo hupasuka.

Betri hufa kwa baridi. Simu na betri za akiba zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Ukiingia chumba chenye jiko, acha kamera ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa hadi ipate joto, la sivyo mvuke utaganda juu ya lenzi na kuingia ndani.

Nyumbani, mabomba ya maji hufungwa na kumwagwa maji wakati wa baridi ili yasipasuke. Utaletewa ndoo ya maji moto, na choo mara nyingi ni cha kikavu, cha shimo na udongo wa kufukia. Chumba hupashwa moto na bukhari, jiko la chuma la kuni au mafuta lenye bomba la moshi. Tafadhali zingatia hili: zima kabla ya kulala, na acha mwanya kwenye dirisha. Kaboni monoksaidi haina harufu, na dalili yake ya kwanza, kuumwa kichwa, utaidhania ni mwinuko. Jiko la mkaa au hita ya gesi isiyo na bomba la kutolea moshi usikubali kabisa. Hoteli nyingi hufungwa msimu huu. Nyumba za familia ndizo zinazofaa, na jikoni kwao ndiko kwenye joto la kweli.

Siku ya kwanza

Ngoma huanza katikati ya asubuhi, saa nne hivi, lakini fika saa tatu. Ndani ya hekalu watawa wanakuwa wamesali tangu siku kadhaa kabla, na asubuhi hiyo unaweza kusikia sauti zao nzito zikitoka mlangoni. Tafuta mahali kwenye upande wa kaskazini wa ua, ukitazama kusini, ndipo jua hukaa muda mrefu zaidi. Acha nafasi ya mbele kwa wazee na watoto wa kijiji. Baraza lenye viti vilivyotandikwa na meza ndogo ni la lama mkuu na watawa. Usikae hapo, wala usijiweke juu yake. Kwenye mapaa ya udongo usisimame ukingoni.

Muziki utauelewa haraka kama umekulia pwani. Kuna zumari ziitwazo gyaling, za familia moja na zumari za Lamu na Zanzibar, zikipigwa mbili mbili bila kukata pumzi. Kuna tarumbeta ndefu za shaba, dungchen, zinazolala chini kwa urefu wake, ngoma zenye mpini na matoazi. Matoazi ndiyo yanayoongoza hatua. Mtawa mkuu wa muziki huhesabu, na mchezaji huifuata hesabu hiyo. Ukitazama miguu yao kwa dakika chache utaona kwamba ule mwendo wa polepole una vipimo: mguu unainuliwa, mwili unazunguka juu ya mguu mmoja, unasimama, unageuka. Wanazunguka ua kwa mkono wa kulia kuelekea katikati, jinsi saa inavyozunguka.

Wanaoingia ni hawa, ingawa mpangilio usiuweke moyoni kama ratiba ya basi. Wapo wa kofia nyeusi, shanak, wasiovaa vinyago, kofia zao pana na mavazi ya hariri yenye mikono mipana. Wapo walinzi wa dini wenye nyuso za kutisha: Gonbo, ambaye Wahindi humwita Mahakala, wa rangi ya buluu nyeusi, Gonkar, umbo lake jeupe, Paldan Lhamo, mlinzi wa kike, na Chogyal, mwenye kichwa cha fahali. Yupo shawa, paa dume mwenye pembe ndefu, mrukaji kuliko wote. Wapo wenye vinyago vya mafuvu na mavazi meupe, mabwana wa makaburini. Na yupo Hashang mwenye uso mkubwa wa tabasamu, akifuatana na watoto, ambaye watu humpa khatak, ile skafu nyeupe, pamoja na noti.

Mchezaji aliye ndani ya kinyago haoni kwa macho ya kinyago. Huona kupitia mdomo au matundu ya pua, na kwa hiyo anachokiona ni kipande kidogo cha ardhi mbele ya miguu yake. Kinyago ni kizito, hewa ni finyu, na pembeni haoni kitu. Mgeni anayejisogeza ndani ya duara ili apate picha ya karibu anamweka mtawa huyo katika hatari ya kujikwaa mbele ya watu wote. Baki nje ya mstari. Lenzi ya kuvuta mbali, au subira, vitakupa picha njema zaidi.

Siku hii ya kwanza ndiyo ya kupanda hadi hekalu dogo lililo juu kabisa ya kilima, nyumba ya walinzi. Humo mna sanamu kubwa ya Jigjet, mwenye vichwa na mikono mingi, ambayo mwaka mzima uso wake hufunikwa kwa kitambaa na hufunuliwa siku za Gustor tu. Wahindu, wakiwemo askari wengi waliopangwa Leh, huiona sanamu hiyo kuwa Kali, mungu wao wa kike, na huja hapa kumwomba, na utawaona wamepanga foleni pamoja na Waladakhi. Ndani ni giza, sakafu ina mafuta ya taa za siagi, hatua zinateleza. Vua viatu, ingia na soksi nene, zunguka kwa mkono wa kushoto kwanza ili sanamu ziwe kuliani kwako, usipige picha. Siagi ya taa au khatak ni sadaka zinazofaa. Foleni ya siku ya pili ni ndefu sana, na ukiipanga utakosa ngoma.

Siku ya pili, hadi mwisho

Kula kifungua kinywa kizito. Jaza chupa ya chai. Mwambie dereva asije kabla ya magharibi, na mlipe kwa kungoja. Dereva anayepiga simu saa tisa ndiye anayewatoa wageni wengi uani. Nenda chooni kabla ya saa saba, maana baadaye kupenya umati ni kazi.

Katikati ya siku italetwa sanamu ndogo ya umbo la mtu, dao, iliyofinyangwa kwa unga wa shayiri. Huwekwa chini, katikati ya ua. Kuanzia hapo usisogee. Walinzi mmoja mmoja huja kuizunguka, wakiielekezea silaha zao. Mwendo wa muziki unabadilika. Unakuwa mzito, halafu mkali. Kiongozi wa kofia nyeusi huikaribia kwa hatua zinazojirudia, anasogea na kurudi, mara kadhaa, na asiyejua hufikiri hakuna kinachotokea. Kinachotokea ni kwamba sala zinakamilishwa, na sanamu haiguswi kabla hazijatimia. Kisha huikata vipande na kuvitawanya pande nne. Ni tendo fupi. Anayepangusa lenzi wakati huo ameshalikosa.

Baada ya hapo storma, mnara wa unga uliochongwa na kupambwa, hutolewa nje kwa maandamano ya watawa, matoazi na moshi wa mreteni. Watu wote huinuka pamoja, na njia ya kuteremka ni nyembamba. Acha watawa wapite, kisha wazee, ndipo ufuate ukishika ukuta. Barafu ngazini huvunja nyonga za watu kila sehemu ya milima hii. Huko chini kunakuwa na lundo la nyasi kavu au matawi. Usisimame mbele ya upande storma inakotupwa, kwa usalama wa moto na kwa sababu hakuna mwenyeji atakayesimama hapo: ndiko maovu yanakopelekwa. Simama nyuma ya watawa au pembeni. Watu watapiga miluzi na kelele moto ukishika, na wewe piga nao.

Adabu ndogo ndogo na kinachonywewa

Neno moja, julley, linafaa kwa salamu, ahsante na kwaheri. Heshima hutiwa kwa kuongeza le mwishoni mwa jina au cheo: ama-le kwa mama, meme-le kwa babu, acho-le kwa kaka mkubwa, ache-le kwa dada mkubwa. Msomaji aliyelelewa kuamkia wakubwa hatapata shida hapa. Kitu pokea kwa mikono miwili. Nyayo usizielekeze kwenye madhabahu wala kwa mtawa.

Utapewa gurgur, chai ya siagi na chumvi. Kikombe hujazwa kila ukinywa funda. Kama hutaki zaidi, kiache kimejaa na ukimalize unapoaga. Ukitaka kuipika mwenyewe kwa watu wanne: chemsha lita 1 ya maji na vijiko 2 vya majani ya chai na chembe ya magadi kwa dakika 15, chuja, ongeza kijiko kimoja kidogo cha chumvi, gramu 50 za siagi na nusu kikombe cha maziwa, kisha isukesuke kwenye chombo kirefu, au kwenye chupa ngumu inayostahimili moto, kwa dakika 2 au 3. Isiposukwa vya kutosha mafuta huelea juu na chai humchefua mtu, na wengi huilaumu chumvi bure. Ichukulie kama mchuzi mwepesi, usiingoje iwe chai ya maziwa na iliki.

Chakula cha siku za baridi ni thukpa, supu ya tambi, na skyu, mchuzi mzito wa vipande vya unga na mizizi. Muislamu hana tabu: Leh ina Jama Masjid ya karne ya 17 katikati ya soko, Waislamu ni sehemu kubwa ya watu wa Ladakh, na nyama ya halali inapatikana mjini. Nyumbani kwa Wabudha uliza kabla.

Ukikosa Spituk

Msimu una sherehe nyingine, na inafaa kuzijua hata kama tarehe zako ziko imara, kwa sababu ya ndege. Kabla ya Spituk kuna Galdan Namchot, siku ya 25 ya mwezi wa 10, Leh nzima inapowashwa taa kumkumbuka Tsongkhapa, mwanzilishi wa Gelug. Siku chache baadaye ni Losar, mwaka mpya wa Ladakh, ambao husherehekewa miezi miwili hivi kabla ya ule wa Tibet. Mapokeo yanasema mfalme Jamyang Namgyal, mwanzoni mwa karne ya 17, aliutanguliza ili aende vitani Baltistan. Losar ni ya majumbani zaidi. Bila familia ya kukualika utaona milango iliyofungwa, ila mienge ya moto ya metho, inayozungushwa usiku, iko barabarani kwa wote.

Baada ya Spituk, siku ya 28 na 29 za mwezi wa 12, ni Dosmoche, chini ya kasri la Leh na pia Likir na Deskit. Ya Leh ni rahisi kufika. Ya Deskit iko Nubra, ng'ambo ya kipito cha Khardung La chenye zaidi ya mita 5,300, inahitaji kibali, na njia hufungwa theluji ikianguka. Usiijaribu katika wiki yako ya kwanza. Siku ya 14 na 15 za mwezi wa kwanza ni zamu ya Matho, monasteri pekee ya madhehebu ya Sakya katika Ladakh, ambapo watawa wawili waliojitenga kwa sala hushukiwa na roho za Rongtsan na kukimbia juu ya kuta za monasteri wakiwa wamefungwa macho. Hapo kanuni ya picha ni kali kuliko Spituk, na kamera zimewahi kukasirikiwa, kwa hiyo ifunge mkobani hadi wenyeji wakuambie vingine.